Una ndai ya kasi na bajeti finyu? Anza na tairi, si ekzosi

ILIKUWA Jumapili jioni, mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa imetoka tu kuanza kunyesha Nairobi. Nilikuwa kwenye Southern Bypass nikirudi South C, dadangu mdogo kwenye kiti cha mbele akichagua muziki kwenye simu. Kasi ilikuwa kilomita 80 kwa saa hivi, si mbio za kumtisha mtu. Lori lililokuwa mbele yetu likawasha taa za breki. Nami nikakanyaga.

Gari halikusimama. Kanyagio la breki lilitetemeka mguuni, ABS ikifanya kazi yake, lakini gari likaendelea kuteleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Nikavuta usukani kushoto. Tukapita ubavuni mwa lori kwa nafasi ambayo sipendi kuikumbuka, tukaishia kwenye nyasi, injini ikinguruma bado.

Dadangu hakusema neno. Alizima muziki. Tulipofika nyumbani, alimwambia mama kwamba hatapanda tena gari langu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka wa 2003. Niliwekeza akiba ya miaka minne ndipo nikalipata, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa amelimiliki hapa hapa Nairobi. Siku niliyokabidhiwa funguo nilijiona mfalme. Mwezi wa kwanza niliweka ekzosi mpya, ile ya kuamsha mtaa mzima. Mwezi wa pili nikaweka skrini kubwa na taa mpya. Tairi? Sikuziangalia hata mara moja. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, meno yake marefu. Nilidhani nimebahatika.

Kumbe hizo tairi ndizo zilizotaka kunimaliza.

Theluji ya South C

Jumatatu asubuhi nilienda Kirinyaga Road kumwona fundi mmoja mzee ambaye mbogi yetu humwamini. Hakuhitaji hata jeki. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi, akaniita.

"Kijana, hii imeandikwa nini hapa?"

Nikasoma: STUDLESS. Sikujua maana yake.

"Hizi ni za theluji," akasema. "Wewe umewahi kuona theluji South C?"

Akanionyesha meno ya tairi kwa karibu. Juu ya kila jino kulikuwa na vinyufa vingi vyembamba, kama vilivyochanjwa kwa wembe. Vinyufa hivyo vimetengenezwa vishike barafu huko kaskazini mwa Japani. Mpira wake nao ni laini kimakusudi, ili usigande na kuwa mgumu kama mbao wakati wa baridi kali. Ukiuleta mpira huo kwenye lami yenye joto la Nairobi, unakuwa kama ndala: unapinda, unaliwa haraka, na breki zikihitajika unakosa nguvu ya kushika.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa amezinunua zikiwa mitumba kutoka Japani. Meno marefu yalimdanganya yeye, kisha yakanidanganya mimi.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kusoma habari za tairi kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo shuleni. Haya niliyojifunza nayaandika kwa sababu najua niko na wenzangu wengi. Ni vijana wenye Subaru, Mark X, Golf GTI au Forester yenye tabo, ambao chapaa yao imeishia kwenye gari lenyewe. Swali letu ni moja: je, mtu anaweza kupata tairi zinazoshika vizuri bila kuuza figo? Jibu ni ndiyo, ila lazima ujue pesa ziende wapi na wapi zisiende.

Viganja vinne

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru si ya jana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka wa 1997 akiwa kwenye Impreza, na Richard Burns akaipa kampuni hiyo ushindi mwingine hapa mwaka wa 2000. Tangu Safari irejee kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka wa 2021, vijana humiminika Naivasha kila msimu, na mlio wa tabo ndio muziki wa wikendi hiyo.

Lakini injini haigusi barabara. Breki pia hazigusi barabara. Nguvu zote za gari, na maisha ya wote walio ndani, hupitia sehemu nne tu za mpira, kila moja ikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono hivi. ABS haiwezi kukupa mshiko ambao tairi haina. Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, ule tunaojivunia sisi wa Subaru, hukusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi.

Na kasi nayo ina hesabu yake ya kikatili. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, unaona kama umeongeza kidogo tu. Ila umbali ambao gari litahitaji kusimama baada ya kukanyaga breki unakaribia kuwa maradufu, hata lami ikiwa kavu.

Hapa kwetu kiangazi ni mwaka mzima

Ukiingia mtandaoni kutafuta tairi za magari ya kasi, utaona zimegawanywa: za kiangazi, za baridi, na za misimu yote. Mgawanyiko huo umetokana na nchi zenye theluji. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kupoteza uzuri wake joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Nairobi, hata Julai ile ya kuvaa masweta mawili, ni nadra kufika huko. Mombasa na Kisumu ndio usiseme.

Maana yake ni kwamba tairi za kiangazi ndizo tairi zetu za Januari hadi Desemba. Kwa hili tumebarikiwa. Mzungu wa Ujerumani hununua seti mbili na kubadilisha kila msimu. Wewe unahitaji seti moja tu.

Ila jina lisikupotoshe. "Kiangazi" halimaanishi jua peke yake. Tairi nzuri ya aina hii imeundwa ishike lami kavu na lami yenye maji pia. Sisi tuna masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo nusu ya mwaka mzima, swali si gari linakwenda kasi gani. Swali ni litasimama wapi kukinyesha.

Zile za kuepuka zina alama. Tafuta picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS kama langu. Ukiiona alama hiyo kwenye tairi ya gari la kasi hapa Kenya, mrudishie muuzaji bila kubishana bei.

Soma ubavu kama unavyosoma ujumbe wa M-Pesa

Kila kitu unachohitaji kujua kimeandikwa kwenye ubavu wa tairi. Chukua mfano wangu: 225/45R17 91W.

Nambari 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 45 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya upana huo. R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu tairi zote za magari madogo siku hizi ni hivyo. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

91 ni nambari ya uzito: kila tairi inaweza kubeba kilo 615. Usishuke chini ya ile ambayo kiwanda cha gari kilipendekeza. W ni herufi ya kasi, na maana yake tairi imepimwa kuhimili hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, Y ni 300.

Usiulize watu kwenye grupu ya WhatsApp saizi ya gari lako. Fungua mlango wa dereva. Magari mengi yana kibandiko hapo kinachotaja saizi ya tairi na kiasi cha upepo.

Halafu tafuta herufi DOT, ufuate mstari wake hadi mwisho. Utakuta nambari nne ndani ya duara refu. Zikiwa 2319, tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Nambari hizo wakati mwingine ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hivyo usikubali kuambiwa hazipo. Geuza, au chuchumaa na tochi ya simu.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Jua letu na joto la lami huuharakisha. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi ibadilishwe ikifika miaka 6, na watengenezaji wakubwa wa tairi huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, hata kama meno bado ni marefu. Zangu zilikuwa na miaka 9. Nilikuwa nimeendesha gari la kasi juu ya mpira wa baridi, tena mzee.

Nambari mbili zinazopigana

Hapa ndipo vijana wengi hupotea. Tairi inayoshika sana huwa ya mpira laini, na mpira laini huisha upesi. Inayodumu sana huwa ngumu, na ngumu huteleza. Huwezi kupata vyote kwa kiwango cha juu. Unachagua mahali pa kusimama katikati.

Kwenye ubavu wa tairi nyingi kuna neno TREADWEAR likifuatwa na nambari. Hicho ni kipimo cha Marekani cha uchakavu: nambari ikiwa juu, tairi inatarajiwa kudumu zaidi. Tairi za kiangazi za magari ya kasi kwa kawaida huwa kati ya 300 na 400. Michelin Pilot Sport 4S, ambayo wengi huitamani, ni 300. Firestone Firehawk Indy 500, ya bei nafuu zaidi, ni 340. Za 200 kushuka ni za watu wa kupiga raundi uwanjani. Ukiziweka kwenye gari la kwenda kazini kila siku, utazinunua tena kabla ya kumaliza deni. Za 500 na zaidi ni za gari la familia: zitadumu, lakini usizidai mshiko wa kwenye kona.

Chukua nambari hiyo kama mwongozo tu, kwa sababu kila kampuni hujipimia yenyewe. Karibu yake utaona neno TRACTION na herufi. Ya juu kabisa ni AA, ikifuatwa na A, kisha B na C. Kipimo hicho ni cha kusimama kwenye sehemu yenye maji. Kwa gari la kasi, usishuke chini ya A.

Ulaya wana kibandiko chao, na kinaeleweka upesi zaidi. Tangu Mei 2021 kinatumia herufi A hadi E. Tafuta picha ya wingu lenye mvua. Hiyo ndiyo alama ya mshiko kwenye maji. Kila daraja unaloshuka linaweza kukuongezea mita 3 hadi 6 za kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa. Mita 6 ni zaidi ya urefu wa Impreza nzima. Hebu fikiria lori lile la Southern Bypass, kisha ujiulize ungependa kusimama mita ngapi kabla yake.

Hata kama tairi iliyo dukani haina kibandiko, andika jina lake kamili na saizi yake kwenye simu utafute. Shirika la madereva la Ujerumani, ADAC, na jarida la Auto Bild hupima tairi za kiangazi kwa kuzifunga kwenye gari moja na kulinganisha. Lugha isikutishe. Tafuta jedwali lenye mita za kusimama kwenye maji. Mita ni mita kwa lugha yoyote.

Mahali pa kubana matumizi

Sasa tuje kwa chapaa. Kuna mambo matatu ambayo yalinipunguzia gharama bila kupunguza usalama.

La kwanza ni rimu. Kila mtu anataka inchi 18 au 19 kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Lakini tairi ya inchi 17 mara nyingi ni nafuu kuliko ya 18 ya aina ile ile, na ubavu wake mnene zaidi unahimili mashimo na matuta yetu. Mfano: 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637 hivi, na 225/45R17 ina 634. Tofauti ni milimita 3, kwa hivyo spidomita haitakudanganya kwa kiasi cha maana. Ukishuka rimu, hakikisha tu kwamba breki zinaenea ndani. STI yenye breki za Brembo haiwezi kuvaa rimu ya inchi 16.

La pili ni herufi ya kasi. Kikomo cha Nairobi Expressway ni kilomita 80 kwa saa. Hakuna mahali Kenya ambapo sheria inakuruhusu hata nusu ya kilomita 300. Fuata herufi ambayo kibandiko au kitabu cha gari kinataja, maana inaeleza pia uimara wa tairi inapopata joto. Lakini usilipe zaidi kununua Y ikiwa gari lako linahitaji V au W. Kasi hiyo hutaitumia kamwe.

La tatu ni jina. Juu kabisa kuna Michelin, Continental, Bridgestone, Pirelli na wenzao. Tairi zao za spoti ni nzuri kweli, na bei yake inakumbusha kodi ya nyumba. Lakini kuna safu ya pili ambayo vijana wengi hawaiangalii: Hankook Ventus na Kumho Ecsta za Korea Kusini, Nexen N'Fera kutoka huko huko, Toyo Proxes ya Japani, Falken Azenis ambayo ni ya kampuni ya Sumitomo ya Japani, na Maxxis Victra ya Taiwan. Baadhi ya majina ya bei ya kati ni ya kampuni kubwa zenyewe: Firestone iko chini ya Bridgestone, BFGoodrich chini ya Michelin.

Kama bado unadhani safu ya pili ni ya watu waliokosa, kumbuka hili: tangu 2025, tairi za magari ya WRC yanayokuja Naivasha hutoka Hankook, iliyochukua nafasi ya Pirelli. Tairi ya mashindano si ile ya dukani, ni kweli. Lakini kampuni inayoaminiwa kazi hiyo si ya kubahatisha.

Za China je? Zipo nzuri na zipo za hovyo, na rangi ya tairi haitakuambia ipi ni ipi. Hapo ndipo kibandiko na jedwali la majaribio vinakuokoa. Ikiwa huwezi kupata mahali popote ambapo tairi hiyo imepimwa kwenye maji, usiwe wewe wa kuipima.

Mahali ambapo ubahili utakuua

Kuna sehemu nyingine ambapo kubana ni kujichimbia kaburi.

Usinunue mitumba kwa sababu ya meno marefu. Mtumba una historia ambayo huijui: umeegeshwa wapi, umezibwa pancha ngapi, umegonga ukingo wa barabara mara ngapi. Ukilazimika kabisa, soma DOT, papasa ubavu wa ndani na wa nje utafute uvimbe, chungulia ndani uone kama kuna viraka. Ukiona nyufa ndogo kwenye mpira, ondoka.

Usikubali tairi iliyochongwa upya. Kuna watu huchukua tairi kipara, wakachimba mifereji mipya kwa kisu cha moto, kisha wakaipaka rangi nyeusi ing'are. Mpira uliobaki chini ya mifereji hiyo ni mwembamba. Ndani ya mifereji halisi ya tairi kuna vinundu vidogo vinavyoonyesha meno yamebaki milimita 1.6. Ukivikosa kabisa, shuku.

Na ukiwa na Subaru au gari lolote la magurudumu manne yanayoendeshwa pamoja, usichanganye. Subaru hushauri mzunguko wa tairi zote nne usipitane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizoisha, zitazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati itakuwa inapigana na nafsi yake kila kilomita. Utaokoa pesa za tairi mbili kisha ulipe za giaboksi. Nunua zote nne, za aina moja, siku moja. Kama hela hazitoshi, subiri mwezi mmoja na upande matatu.

Kwa gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele pekee, kununua mbili kunawezekana. Mpya weka nyuma. Najua wengi hufanya kinyume. Lakini nyuma ikipoteza mshiko kwenye maji, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Hesabu ya kwenye kitabu cha nyuma

Nilipokuwa bado natamani mitumba, fundi aliniomba kalamu. Bei hubadilika, kwa hivyo chukua hizi kama mfano tu.

Tuseme mitumba ni Sh6,000 kila moja. Nne ni Sh24,000, na kwa sababu zimeshazeeka zinadumu miezi 10. Kwa miezi 30 utanunua mara tatu: Sh72,000, bila kuhesabu kufungwa, balansi na alaimenti mara tatu.

Tuseme mpya za safu ya pili ni Sh15,000 kila moja. Nne ni Sh60,000, na zikitunzwa zinamaliza miezi hiyo 30. Unafunga mara moja.

"Maskini ndiye hununua tairi ghali," akasema fundi akirudisha kalamu. "Anainunua mara tatu."

Nilienda nyumbani, nikaiondoa ile ekzosi, nikaiuza kwa mwenzangu wa mbogi. Nikauza na skrini pia. Pesa hizo pamoja na akiba ya miezi miwili zikatosha Kumho Ecsta nne, saizi ya kiwanda, wiki na mwaka wa DOT nikiusoma mwenyewe kwa tochi kabla ya kulipa.

Ukishafunga, kazi haijaisha

Hakikisha fundi ameweka valvu mpya. Kama tairi ina mshale, uelekee mbele. Kama imeandikwa OUTSIDE, upande huo uwe nje. Hili ni jambo dogo ambalo nimeona likikosewa mchana kweupe.

Fanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo. Tairi mpya kwenye gari lililopinda itaisha upande mmoja kabla hujaifurahia. Kisha endesha kwa upole kilomita mia chache za kwanza. Tairi mpya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, na mshiko wake kamili huja baada ya tabaka hilo kuisha.

Upepo pimia tairi zikiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi, ukifuata kibandiko cha mlangoni. Na wewe unayeshuka Mombasa Desemba, kumbuka hili. Nairobi iko juu sana, hewa yake ni nyepesi kuliko ya baharini. Tairi uliyojaza hapa itaonyesha pungufu ya psi 2 na nusu hivi ukifika Pwani, hata bila pancha. Joto la huko hurudisha sehemu ya upungufu huo, si yote daima. Ukilala Mombasa, asubuhi pima tena kabla ya kuzurura.

Na ukitaka kweli kujua tairi zako zinaweza nini, usiende kujifunzia Thika Road usiku. Kuna siku za mashindano pale Whistling Morans, Athi River, ambapo ukiteleza unapata vumbi tu, bila kukutana na mama aliyebeba mtoto akivuka.

Nimeendesha tairi hizi mpya vuli nzima. Gari sasa lina kelele ya kawaida, majirani wamenisamehe. Siku moja ya mvua kubwa mwezi wa Novemba, matatu ilikatiza mbele yangu ghafla kwenye Mombasa Road. Nikakanyaga. Kanyagio likatetemeka kama siku ile, lakini safari hii gari lilishuka kasi kana kwamba limeshikwa na kamba, likasimama na nafasi ya kutosha mtu kupita mbele yake. Nikakaa pale nikisikiliza waipa zikifuta kioo.

Dadangu nilimwambia. Hakujibu kitu siku hiyo. Jumapili iliyofuata alitoka nje, akachuchumaa kando ya gari na tochi ya simu, akatafuta zile nambari nne nilizomweleza. Akazipata, akazisoma kwa sauti, kisha akafungua mlango wa mbele.

"Twende basi," akasema. "Lakini polepole."